Mwanzo wa Waasante: Maswali ya Wasomaji

Makala ya toleo lililopita kuhusu dola za Afrika Magharibi yametuletea barua nyingi, na nyingi kati ya hizo zinauliza habari za Waasante wa Ghana. La jina tulimalize hapa hapa, maana limetajwa kila upande: jina la watu hawa halina nasaba na "asante" yetu ya kushukuru, ambayo asili yake ni Kiarabu. Sasa tuingie kwenye maswali yenyewe.

*Salaam aleikum mhariri. Nimesikia kwamba Waasante walitoka shimoni, kisha nikasikia walishuka mbinguni kwa mnyororo, na mwanangu shuleni anafundishwa kuwa walihama kutoka dola ya kale ya Ghana. Tushike lipi? (Mama msomaji, Mji wa Kale)*

Waaleikum salaam, mama. Usizichukue kama hadithi moja iliyopotoshwa mara tatu. Waasante ni tawi la Waakan, na Waakan wana koo kubwa nane zinazofuata upande wa mama: Oyoko, Bretuo, Agona, Asona, Asenie, Aduana, Ekuona na Asakyiri. Kila ukoo una masimulizi yake ya mwanzo, na hakuna anayelazimishwa kuyapatanisha na ya jirani.

Ya shimo ni ya Asantemanso, msitu mtakatifu ulio kusini ya Kumasi. Robert Rattray, mwanaanthropolojia wa serikali ya kikoloni, aliyaandika katika miaka ya 1920. Usiku wa Jumatatu mnyoo alitoboa ardhi, nyuma yake wakatoka wanaume 7, wanawake kadhaa, mbwa na chui. Aliyetangulia aliitwa Adu Ogyinae. Wenzake walipoona nchi wasiyoijua walishikwa na hofu, naye akawa anawawekea mikono mmoja mmoja mpaka wakatulia. Walipoanza kujenga nyumba, Jumatano, mti ukamwangukia akafa. Moto uliletwa na mbwa, ameubeba mdomoni.

Mnyororo ni wa Oyoko, ukoo wa wafalme. Bibi yao mkuu, Ankyewa Nyame, anasemekana kushuka kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu, kisha akafika Asantemanso na kukutana na waliotoka ardhini. Angalia ufundi wa wasimulizi: wenyeji wametoka chini, wafalme wametoka juu, wote wakakutana mahali pamoja.

Ama habari ya dola ya kale ya Ghana, hiyo ni nadharia ya wasomi. Mwanasiasa na mwanazuoni J. B. Danquah aliieneza sana, na ni moja ya sababu za Gold Coast kuchukua jina la Ghana mwaka 1957. Lakini dola ile ilikuwa mbali mno, katika nchi ambazo leo ni Mauritania ya kusini na Mali ya magharibi. Wachimbaji wa akiolojia huko Asantemanso wamekuta dalili za makazi ya mamia ya miaka kabla ya mfalme wa kwanza wa Asante. Kwa maoni yetu, ushahidi huo uko karibu zaidi na hadithi ya shimo kuliko ile ya kuhama, kwa kuwa hadithi ya shimo haisemi zaidi ya kwamba watu hawa ni wa hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Wareno walijenga ngome ya Elmina, kwenye pwani ya Ghana ya leo, mwaka 1482, zaidi ya miaka 100 kabla ya kuanza Fort Jesus yetu. Walikuwa wakileta watumwa kutoka Benin na kuwauza kwa Waakan ili wapate dhahabu. Mwanahistoria Ivor Wilks anaeleza kuwa nguvu kazi hiyo ndiyo iliyofyeka msitu mnene na kuugeuza mashamba, na waliotekwa wakamezwa ndani ya koo za wenyeji. Ndiyo maana kuna kanuni maarufu ya Kiasante, *obi nkyere obi ase*: asitokee mtu wa kutangaza asili ya mwenzake. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa mwenyeji wakawa Waasante sawasawa, na kuchimbua nasaba ikawa kosa. Nchi iliyokataza watu kuulizana asili ni lazima ibaki na hadithi za mwanzo zaidi ya moja. Na sisi wa Mombasa tusishangae sana. Tuna Mwana Mkisi na tuna Shehe Mvita, kila mmoja husimuliwa kuwa mwasisi wa mji, na wote wawili tumewabakisha.

*Mhariri, hicho kigoda cha dhahabu kweli kilishuka kutoka angani? Na huyo Anokye alikuwa mganga au waziri? (Msomaji, Likoni)*

Alikuwa yote mawili, ndugu yetu. Huitwa Okomfo Anokye, na *Okomfo* ni cheo cha kuhani anayepandwa na mizimu. Masimulizi mengi yanamtaja kuwa mtu wa Awukugua, katika nchi ya Akuapem.

Lakini aanze Osei Tutu, mfalme wa kwanza wa Asante. Kwaman, mahali palipo Kumasi leo, palikuwa nchi ndogo iliyolipa kodi kwa dola ya Denkyira. Osei Tutu, mpwa wa mtawala Obiri Yeboa, alipelekwa akiwa kijana kuishi katika baraza la Boamponsem, mfalme wa Denkyira. Akaingia matatani na mwanamke wa nyumba ya kifalme, akakimbilia Akwamu, dola ya upande wa mashariki iliyojuana vizuri na wafanyabiashara wa bunduki wa pwani. Huko alijifunza upangaji wa jeshi na huko akashikana na Anokye. Obiri Yeboa alipouawa akipigana na Wadomaa, mpwa akaitwa nyumbani kurithi. Hiyo ni mwishoni mwa karne ya 17.

Tukio lenyewe linasimuliwa hivi. Machifu na mama zao wa kifalme walikusanyika Kumasi siku ya Ijumaa. Anokye akaita, mbingu ikatanda wingu jeusi, ngurumo zikalia, na kigoda cha mbao kilichopambwa dhahabu kikashuka polepole hadi kwenye magoti ya Osei Tutu bila kugusa ardhi. Jina lake ni Sika Dwa Kofi, na hilo Kofi ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Anokye akachukua kucha na nywele za waliohudhuria, akazichanganya na dawa, sehemu ikapakwa kigoda na sehemu ikanywewa. Akawaambia kuwa *sunsum* ya taifa zima, yaani roho yake, imo ndani ya kigoda hicho; kikipotea, nao wamepotea. Kisha vigoda vya zamani vya machifu vikazikwa.

Wingu hatuwezi kulipima. Kinachopimika ni tatizo ambalo wingu lilitatua. Mampong, Dwaben, Nsuta, Kokofu na Bekwai kila moja ilikuwa na mtawala wake na kigoda cha mababu zake. Kama Osei Tutu angesema kigoda cha mjomba wake ndicho kikubwa, wangemuuliza tangu lini. Kigoda kisicho na babu, kilichotoka juu, hakikuwa cha nyumba yoyote, kwa hiyo hakuna nyumba iliyoshindwa kwa kukiinamia. Na kwa kuvizika vile vya zamani, Anokye aliziba mdomo wa yeyote ambaye kesho angedai kuwa chake kina umri mkubwa zaidi. Mampong, ambao si wa ukoo wa Oyoko bali Bretuo, walipewa Kigoda cha Fedha na nafasi ya pili baada ya mfalme. Huo ni mkataba wa muungano, ila umeandikwa kwa dhahabu, nywele na kucha. Ndiyo sababu hatupendi kuona mwalimu akiiita hadithi hii "imani potofu" na kuendelea na somo.

Anokye huyo huyo anatajwa kuacha sheria 77. Jina la Kumasi pia limefungwa naye: miche ya mti uitwao *kum* ilipandwa sehemu mbalimbali ili kuchagua makao makuu. Wa Kwaman ukamea, na mji ukaitwa Kumasi, chini ya mti wa kum. Mwingine ukafa, na mahali pake pakaitwa Kumawu. Masimulizi hayakubaliani kama kigoda kilishuka kabla ya vita vya Denkyira au baada yake.

*Ni kweli mfalme wa maadui alikamatwa akicheza bao? (Mchezaji, Majengo)*

Ndivyo wanavyosimulia. Ntim Gyakari, aliyemrithi Boamponsem, alituma beseni kubwa la shaba lijazwe dhahabu ya unga, na juu ya hapo akadai wake vipenzi wa machifu. Walikataa, vita vikapiganwa mwaka 1701 huko Feyiase, karibu na Kumasi. Ntim Gyakari akakutwa amekaa na mkewe wanacheza *oware*, miguu imefungwa pingu za dhahabu, akauawa. Simulizi nyingine inadai kuwa alikuwa mtoto wa Osei Tutu mwenyewe, matunda ya yale matata ya ujana. Hilo lina harufu ya tamthilia.

Kwa kuwa umeuliza kama mchezaji: oware si bao letu. Ina safu 2 za mashimo 6, kete 4 kila shimo, jumla 48. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Mtu akikuonyesha picha ya Ntim Gyakari mbele ya mashimo 32, jua mchoraji alikuwa wa huku.

Faida ya ushindi ilikuwa njia ya pwani. Kabla ya hapo dhahabu ya bara ilipita mikononi mwa Denkyira, na bunduki vivyo hivyo. Hati ya kodi ambayo Waholanzi, walioichukua Elmina kutoka kwa Wareno, walimlipa mwenye nchi ikahamia kwa Waasante, na mwaka huo huo Waholanzi wakamtuma mjumbe wao, David van Nyendael, kwenda Kumasi. Tusipake sukari: biashara hiyo ilikuwa ya dhahabu na ya watu pia.

*Sisi Wadigo zamani tulirithi kwa mjomba. Je, hao ni sawa na sisi? (Mzee msomaji, Likoni)*

Shikamoo mzee. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mtoto wa Kiasante hupata *mogya*, damu, kutoka kwa mama, na damu ndiyo inayompa ukoo, ardhi na haki ya kurithi cheo. Kwa baba hupata *ntoro*, ambayo ni tabia na roho. Osei Tutu alimrithi Obiri Yeboa, kaka wa Manu, mama yake.

Tofauti iko kwenye mamlaka ya mwanamke. Kigoda kikiwa wazi, anayeteua mgombea ni Asantehemaa, mama wa kifalme, ambaye si lazima awe mama mzazi wa mfalme. Anaweza kuwa dada. Wakuu wakimkataa mtu wake, anateua mwingine, hadi mara tatu. Kwa Wadigo, sheria ya Kiislamu ya mirathi imeupunguza sana urithi wa mjomba. Kwa Waasante, cheo bado kinapita kwa mama, ingawa mali ya mtu binafsi sasa inaweza kumfikia mke na watoto kwa sheria ya Ghana ya mwaka 1985.

*Wanafunzi wangu wanaandaa mchezo wa kushuka kwa kigoda. Nisaidieni nisije nikaaibika. (Mwalimu wa sekondari, Changamwe)*

Mwalimu, anza na kigoda. Vipimo vinavyotajwa ni takriban sentimita 46 kwenda juu, 61 urefu wa kikalio na 30 upana. Kikalio kimepinda, ncha mbili zimeinuka kama mwezi mwandamo. Vigoda vya Kiasante huchongwa kwenye gogo moja, na wachongaji wa hapo hapo Changamwe wanaweza kukutolea kimoja; lakini gogo ni zito na utakining'iniza juu ya kichwa cha mtoto. Tumia mbao nyembamba kwa mifupa, juu yake kadibodi, kisha rangi ya dhahabu, uzito usizidi kilo 3. Ning'iniza njuga ubavuni. Kigoda halisi kina kengele, pamoja na sanamu za wafalme walioshindwa, akiwemo Ntim Gyakari. Sanamu ziache ikiwa onyesho lako linaishia kabla ya 1701.

Kukishusha kuna kosa moja ambalo hutokea kila mara: watu hufunga kamba moja katikati. Kikianza kushuka kinazunguka, ukumbi unacheka, na utukufu umekwisha. Funga mishipi miwili ya kuvulia, mmoja kila ncha, ipite kwenye kapi mbili zilizoachana kwa urefu ule ule wa kikalio, na mtu mmoja avute yote pamoja. Alama ya chaki kwenye ukuta wa nyuma ya jukwaa itamwonyesha mvutaji wapi pa kusimama, yaani juu kidogo ya magoti. Mwigizaji ndiye akipokee kwa mikono. Usirushe unga ili kupata "wingu": unadhuru wenye pumu, na karibu na moto unaweza kulipuka. Ngoma inatosha. Tafuta jozi moja yenye sauti ya juu na ya chini, kwa mfano wa *atumpan* zao zinazozungumza.

Sasa makosa ya maana. Osei Tutu asikikalie kigoda. Hakuna anayekikalia, hata mfalme. Siku ya kutawazwa, Asantehene, yaani mfalme wa Asante, hushikwa na kuinamishwa juu yake mara tatu bila kukigusa. Kigoda hakiwekwi chini. Kina kiti chake, na hulazwa ubavu. Hapo ndipo maonyesho mengi ya shule huanguka, kwa kuwa mkurugenzi amezoea kiti cha enzi cha kukaliwa.

Mavazi: msiwavishe wote kente. Kente husukwa kwa vipande vyembamba vya kama sentimita 10 na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Ni nguo ya baraza. Vitenge vyenye chapa hiyo vinapatikana Mtaa wa Biashara. Shona pande mbili pamoja upate upana. Mwanamume hujitanda bega la kushoto, la kulia likabaki wazi. Akifika mbele ya mfalme hushusha nguo begani na kuvua viatu. Vitani huvaliwa *batakari*, kanzu fupi nzito iliyojaa hirizi.

Halafu, Yaa Asantewaa asiwemo. Yeye aliongoza vita vya mwaka 1900, karibu miaka 200 baadaye, gavana wa Kiingereza Frederick Hodgson alipodai akabidhiwe kigoda ili akikalie. Mzungu wa zama za Osei Tutu ni Mholanzi. Na ukitaka kufikia kifo cha mfalme, ambacho wengi hukitaja kuwa mwaka 1717, alishambuliwa akivuka mto Pra katika vita na Waakyem, siku ya Jumamosi. Siku hiyo ikawa kiapo kikuu cha taifa. Kukitamka ovyo lilikuwa shauri la kufikishwa barazani, kwa hiyo mwigizaji aseme tu "kiapo kikuu". Yawezekana kuna Mghana ukumbini.

*Kulikuwa na Waislamu Kumasi? (Kijana, Kisauni)*

Walikuwepo, wengi wao wafanyabiashara kutoka kaskazini walioijia kola, ile kokwa ya kutafuna. Thomas Bowdich, Mwingereza aliyefika Kumasi mwaka 1817, aliwakuta na nafasi yao barazani. Waliwaandikia watawala hirizi za Kiarabu, na nyingi zilishonwa kwenye zile batakari. Lakini hao ni wa kizazi cha baadaye. Hadithi ya kigoda haiwataji.

*Meli yetu itatia nanga Tema na nina siku chache za mapumziko. Kumasi kuna nini cha kuona, na hicho kigoda kinaonyeshwa? (Baharia, Kilindini)*

Kigoda chenyewe hutakiona. Hutolewa kwa nadra sana, na waliowahi kukikosea heshima hawajasahauliwa: mwaka 1921 wajenzi wa barabara walikifukua mahali kilipofichwa, na wapo waliokibandua mapambo yake wakayauza.

Kumasi iko kama kilomita 250 kutoka Accra. Tenga siku nzima kwa safari ya basi kutoka Tema. Nenda makumbusho ya kasri la Manhyia. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1925 kwa ajili ya Asantehene Prempeh wa Kwanza, aliyerudi mwaka uliotangulia kutoka uhamishoni. Waingereza walimkamata mwaka 1896 na mwaka 1900 wakampeleka Shelisheli, katika bahari yetu hii, ambako aliishi pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Alikataa kuhamia nyumba hiyo mpaka watu wake walipolipa gharama yake yote. Mwaka 2024 baadhi ya vito vya kifalme vilivyoporwa vilirudi Manhyia, vya Uingereza kwa mkopo na vya makumbusho moja ya Marekani moja kwa moja. Katika eneo la hospitali kuu ya mji kuna upanga uliokita ardhini. Wanasema Anokye ndiye aliyeuchomeka, na siku utakapong'olewa ndiyo mwisho wa taifa.

Jambo la kupanga ni siku. Akwasidae, baraza la Jumapili ambapo Asantehene hukaa hadharani, huja kila siku 42, kwa hiyo tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Pata tarehe ya Akwasidae moja iliyopita kisha uhesabu Jumapili 6 mbele. Siku 24 baada ya Akwasidae huja Awukudae, ya Jumatano, na baada ya siku 18 nyingine Akwasidae inarudi. Wageni wanaochanganya hizo mbili hufika Kumasi na kukuta uwanja mtupu. Ukisogea kusalimu, tumia mkono wa kulia, usikunje nne mbele ya mkubwa, na toa kofia. Zawadi ya desturi kwa chifu ni chupa ya schnapps. Kwa Muislamu, pesa taslimu hupokelewa mahali pake.